Mumma ya Margit

Ylva Hedlund alikuwa kwenye ngazi za jikoni, miguuni buti za baba yake zilizompwaya, akichomeka chupa za bia kwenye theluji, shingo juu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda miche ya kabichi. Bia nyeusi nne. Bia ya rangi ya asali mbili. Soda tamu nyeupe mbili. Chupa ya jini, ile pombe kali isiyo na rangi, aliichomeka kando, peke yake, kwa sababu alikuwa na ugomvi nayo.

"Leo," aliiambia. "Leo hii hii tutamalizana, kabla ya saa tisa."

"Umeanza kuongea na chupa?"

Sauti ilitoka mlangoni. Shangazi Gunnel, dada yake baba, alikuwa amesimama na kisu cha viazi mkononi, tumboni aproni ya Krismasi yenye picha ya mbuzi aliyesukwa kwa majani makavu.

"Chupa zinasikiliza, Shangazi. Siyo kama wengine wa humu ndani."

"Ungezibembeleza vizuri zingekutafutia mchumba anayekunywa."

"Mchumba ninaye. Na mdomo wake ni wake."

"Wake peke yake?" Gunnel alimkonyeza. "Hayo mwanangu utawaambia wageni."

Ylva alimrushia tonge la theluji, Gunnel akafunga mlango kwa kisigino, na kicheko chake kikabaki upande wa ndani.

Katika nyumba ya akina Hedlund, kijijini Hedsta, mkesha wa Krismasi haukuanzia kanisani wala kwenye zawadi. Ulianzia kwenye jagi. Lilikuwa jagi la udongo, jeusi ndani na nje, zito kama mtoto wa miezi sita, na ndani yake ilichanganywa mumma: bia nyeusi, bia ya asali, soda tamu, jini kidogo, iliki iliyotwangwa asubuhi hiyo hiyo. Mumma haikorogwi. Inamiminwa ubavuni mwa jagi, polepole, mezani, mbele ya watu, na inanywewa kabla povu halijalala. Kila nyumba ya Hedsta ilikuwa na mumma yake, na kila nyumba iliamini ya jirani ni maji ya kuoshea farasi.

Na ilikuwepo sheria. Mwanamume anayemtaka binti wa nyumba hii ataichanganya mumma mwenyewe mkesha wa Krismasi, na kikombe cha kwanza atakunywa yeye. Akikinywa, baba mwenye nyumba atamtazama machoni, na hapo mambo yamekwisha. Hivyo ndivyo alivyopokelewa marehemu mume wa Gunnel, ambaye inasemekana alikunywa cha kwanza, akanywa na cha nane, akalala zizini na ng'ombe.

Sixten Åkerblom hakunywa. Hakunywa mkesha wa Krismasi, hakunywa harusini, hakunywa hata siku timu ya Hedsta iliposhinda, siku ambayo mchungaji mwenyewe alikunywa. Alikuwa mtoto wa kapeli, lile kanisa dogo jeupe kule bondeni ambako watu waliimba kwa magitaa na kumwaga pombe tangu enzi za mababu. Lakini haikuwa kapeli iliyomzuia. Alipokuwa na miaka kumi na minne alisimama kando ya kaburi la baba yake, aliyetumbukia ziwani akitoka kunywa, akajiwekea ahadi. Hakumwahidi mtu. Alijiahidi yeye mwenyewe.

Ylva alikuwa akimpenda kwa miezi kumi na minne. Alimpenda siku Sixten alipokuja kutengeneza madirisha ya zamani ya shule ambayo Ylva alifundisha, naye Ylva akamkuta amepiga magoti mbele ya fremu moja, akiipapasa kwa kidole gumba kama anayemtuliza mtoto. "Huyu hana ubaya," Sixten alimwambia bila kugeuka. "Amechoka tu kupakwa rangi juu ya rangi." Tangu siku hiyo Ylva hakuwa na mjadala tena na moyo wake. Mjadala uliobaki ulikuwa na baba.

Aliingia jikoni. Baba yake, Birger, mtu mrefu mwenye nyusi za kutisha na mikono ya kukata misonobari, alikuwa akitwanga iliki kwa umakini wa mwuza dawa.

"Wanakuja saa ngapi hao?" aliuliza.

"Hao wana majina, Baba."

"Wanakuja saa ngapi, Sixten na bibi yake?"

"Saa sita."

"Na atakunywa?"

"Unajua jibu."

Birger aliendelea kutwanga. "Sina chuki na kijana. Dirisha la ghalani alilitengeneza vizuri. Lakini mimi nitampaje mwanangu mtu anayekaa mezani kwangu akitutazama kama askari wa trafiki?"

"Hajawahi kukutazama hivyo."

"Watu wa kapeli walimtaja babu yangu madhabahuni. Kwa jina! Mbele ya wanawe! Kwa sababu ya mumma hii hii." Alinyanyua mchi. "Sheria ni moja tu katika nyumba hii, Ylva. Sikuitunga mimi."

"Na mimi sikuzaliwa na sheria, nilizaliwa na Mama."

Mchi ulisimama. Margit, mama yake Ylva, alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tisa, uyoga ukiwa bado umelowekwa kwenye beseni. Tangu hapo jina lake lilikuwa likitajwa humu ndani kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

"Mama yako," Birger alisema, "aliipenda mumma yangu kuliko mtu yeyote."

Ylva alifunga mdomo. Kwa sababu hilo lilikuwa jambo jingine, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Tangu Margit afariki, mumma ya Birger ilikuwa haifai. Ilikuwa chungu, kali, yenye kukwaruza koo. Krismasi ya kwanza aliongeza bia nyeusi. Ya pili akaongeza jini. Kila mwaka alionja, akawatazama, akauliza: "Ni ile ile?" Na kila mwaka wao walimeza, wakatabasamu, wakamjibu: "Ni ile ile."

*

Walikuja juu ya kiti cha kuteleza. Bibi Elna, nyanya yake Sixten, miaka themanini na sita, alikuwa ameketi mbele kwenye kile kiti cha mbao chenye vyuma virefu chini, amefungwa blanketi hadi kidevuni, mapajani amekumbatia kipipa kilichovikwa shali ya sufu. Sixten alikuwa nyuma, mguu mmoja juu ya chuma, wa pili akiupiga kwenye barabara iliyoganda. Kofia ilikuwa imemteleza, masikio yake mekundu kama pilipili.

"Nimefika hai," Bibi Elna alitangaza. "Huyu kijana anateremka mlima kama anakimbia deni la dhambi. Njooni, mnisimamishe."

Gunnel alimchukua ndani. Kipipa Bibi Elna hakukiachia, alikibeba mwenyewe.

Ylva na Sixten walibaki kwenye ngazi, katikati ya shingo za chupa. Jua la Desemba lilikuwa limechungulia juu ya misonobari, tayari linajiandaa kuondoka. Sixten alivua glavu moja, akamgusa Ylva shavuni kwa kidole gumba kile kile cha fremu za madirisha.

"Una baridi," alisema.

"Nina hasira. Vinafanana kwa nje."

"Amesema nini?"

"Amesema sheria."

Sixten alitazama chini. Mfukoni mwa koti lake, Ylva alijua, kulikuwa na bahasha ndogo yenye pete mbili za dhahabu, nyembamba, zisizo na nakshi, moja yake na moja ya Ylva. Walikuwa wamezinunua Oktoba. Zilikuwa zimekaa mfukoni huko kwa wiki kumi, na zilikuwa zimeanza kumlemea kuliko kabati.

"Zivaliwe leo," Ylva alisema. "Akubali, asikubali. Mimi ni mtu mzima. Nina mshahara wangu na ufunguo wangu."

"Na baba yako?"

"Atazoea."

"Sitaki anizoee kama mtu anavyozoea goti bovu." Alimshika mikono yote miwili. "Ylva. Sina baba wa kumpelekea pete hii nikamwonyesha. Nilitaka wako aione kwanza. Akiwa anatazama. Siyo akiwa amegeukia ukutani."

"Basi onja. Tone moja. Lowesha tu mdomo, mimi nitameza yaliyobaki na—"

Alijisikia akiyasema, na aliona uso wa Sixten ukijifunga. Haukujifunga kwa kishindo. Ulijifunga taratibu, kama dirisha alilolitengeneza mwenyewe, bila kuacha ufa.

"Ningekubali," Sixten alisema polepole, "leo ungefurahi. Halafu kesho ungelala kitandani na mtu ambaye ahadi yake ina bei ya tone moja. Ungemtaka huyo?"

Ylva alimtazama. Macho yale ya kijivu yasiyokimbia. Alijua jibu, na alikasirika kwa sababu alilijua.

"Hapana," alisema. "Nisamehe. Sitalisema tena."

"Nitaichanganya mumma yake. Nitafanya kila kitu isipokuwa hicho kimoja."

"Na mimi nitafanya hicho kimoja kilichobaki."

"Kipi?"

"Bado sijui," Ylva alisema, akang'oa chupa ya kwanza kwenye theluji. "Lakini nitakijua nikikiona. Ingia ndani, masikio yako yatadondoka."

*

Meza ilikuwa imejaa hadi pembeni: samaki wa siki wa namna nne, paja la nguruwe lenye gamba la haradali, vitonge vya nyama, viazi vinavyotoa moshi, mkate mweusi wa kimea. Bibi Elna aliwekwa karibu na jiko. Mbele yake alikiweka kipipa chake, akafungua bomba dogo la mbao, akajaza kikombe cha Sixten na chake. Ilikuwa togwa ya shayiri, nyeusi, tamu, ile ambayo watu wa kapeli waliipika wenyewe kila Desemba kwenye chumba cha chini cha kapeli yao. Kilevi chake ungekitafuta kwa darubini.

"Kila mtu na maji yake," Birger alisema akikitazama kipipa.

"Kweli kabisa," Bibi Elna alijibu, akala samaki.

Birger aliliweka jagi jeusi katikati ya meza. Akapanga chupa. Akarudi nyuma hatua moja, akamwashiria Sixten kwa kidevu.

"Haya, kijana. Changanya."

Sixten alisimama. Alikunja mikono ya shati, na Ylva akasahau viazi vilivyokuwa mdomoni. Hakuwa ameona mtu akimimina bia hivyo. Alilaza jagi kidogo, akaiacha bia nyeusi iteremke ubavuni bila sauti. Akafuata ya asali, akafuata soda, akatia iliki, na mwisho jini kwa kipimo alichoelekezwa, kipimo kikubwa, bila kuuliza. Hakukoroga. Povu lilipanda likasimama ukingoni, mviringo, la kahawia, halikumwagika hata tone.

"Mungu wangu," Gunnel alinong'ona. "Mikono hiyo."

"Shangazi!"

"Nazungumzia povu."

Hata Birger alikohoa kwa heshima. Alijaza kikombe cha bati, kile cha zamani chenye jina la ukoo pembeni, akakisukuma mbele ya Sixten.

"Cha kwanza ni chako."

Sixten alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akakiinua kidogo, akakirudisha mezani mbele ya Birger.

"Nakushukuru, Mzee Birger. Nimeichanganya kwa heshima yote. Lakini sinywi, na sitakudanganya kwamba nimekunywa. Namtaka Ylva. Nimekuja kukuambia hayo mawili kwa siku moja, kwa sababu yote mawili ni kweli."

Birger hakupandisha sauti. Alikichukua kikombe, akakiweka mwisho wa meza, mbele ya kiti kitupu cha Margit.

"Basi kitakaa hapa," alisema. "Tunywe sisi."

Akawajazia. Akainua chake. Kwao mtu akikunyanyulia kikombe anakutazama machoni, anakunywa, kisha anakutazama tena. Ukiruka lolote kati ya hayo ni kama umemrukia mtu kichwani. Birger alimtazama Gunnel. Alimtazama Ylva. Alimtazama Bibi Elna, kwa adabu. Alipofika kwa Sixten, macho yake yalipita juu ya bega lake na kutua kwenye saa ya ukutani.

Ylva alihisi damu ikimpanda hadi kwenye nywele. Alikunywa. Na mumma ikamkwaruza koo kama brashi ya waya, chungu, kali, mbaya kuliko ya mwaka jana.

Baba yake alionja. Nyusi zile za kutisha zikashuka, na kwa dakika moja alionekana mzee, mzee kabisa, mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe na hawezi kukumbuka ni kitu gani.

"Ni ile ile?" aliuliza.

"Ni ile ile, kaka," Gunnel alisema, machozi ya jini yakimlengalenga.

"Ylva?"

Hapo ndipo Ylva alipokijua kile kimoja kilichobaki.

"Siyo ile ile, Baba."

Kisu cha Gunnel kilianguka kwenye sahani.

"Ni chungu," Ylva alisema. "Mwaka jana ilikuwa chungu, na mwaka juzi. Tumekudanganya miaka mitatu kwa sababu tunakupenda. Mtu mmoja tu katika meza hii amekuambia ukweli leo, na ndiye huyo unayemruka ukitazama saa ya ukutani."

"Nimeweka kila kitu!" Birger alipiga meza, viazi vikaruka. "Kila kitu! Bia ile ile, iliki ile ile! Naongeza, naongeza, na haiji! Unafikiri sijui? Unafikiri mimi sina ulimi?"

Ylva hakuwa amejua kwamba baba yake naye alijua.

Koo lilikuwa likimwaka. Bila kufikiri alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha Sixten, akapiga funda moja kubwa la togwa ili kuuondoa ule uchungu.

Na akaganda hivyo hivyo, kikombe kikiwa mdomoni.

Ladha ile ilimrudisha nyuma: alikuwa na miaka minane. Alikuwa chini, kwenye chumba cha ardhini, na mama yake alikuwa amechuchumaa mbele ya jagi jeusi asubuhi ya mkesha, na Ylva alikuwa amechovya kidole ndani yake na kukilamba. Tamu. Mkate, moshi, asali iliyoungua. "Nimemtangulizia baba yako bia yake ya kwanza," Mama alisema. "Yeye atamalizia juu. Usimwambie umelamba." Kila mwaka Margit alilileta jagi mezani likiwa na theluthi moja tayari. Kila mwaka Birger alimimina zake juu, akiamini kilichopo chini ni bia yake.

Ylva alikishusha kikombe.

"Bibi Elna, naomba hicho kipipa."

Bibi Elna alimtazama. Kisha, polepole, akakisukuma.

Ylva alilimwaga jagi kwenye ndoo ya maji machafu, mumma yote, mbele ya baba yake.

"Ylva! Una wazimu? Mwanamke hajawahi kuchanganya—"

"Subiri, Baba."

Alifungua bomba. Togwa nyeusi ilijaa hadi theluthi. Akamimina bia ubavuni, kama alivyomwona Sixten akifanya. Mkono wake ulienda kasi kidogo na Sixten, bila neno, akaweka kiganja chake chini ya jagi, akalilaza. Wakamimina pamoja. Bia ya asali. Soda. Iliki. Jini, kijiko kimoja tu. Povu lilipanda, na chumba kikajaa harufu ambayo haikuwa imeingia humo tangu Margit afariki.

Ylva alimjazia baba yake.

Birger alikitazama kikombe kama mtu aliyeletewa barua. Akanywa. Akafunga macho. Aliongea bila kuyafungua.

"Hii ni ya Margit."

"Ndiyo, Baba."

"Lakini yangu ndiyo... mimi ndiye niliyekuwa..." Aliyafungua, akamgeukia Bibi Elna. "Mama Elna. Uliwahi kumpa mke wangu togwa?"

Bibi Elna aliweka uma wake chini, akajifuta mdomo.

"Nilimwahidi sitamwambia Birger," alisema. "Sijamwambia. Ameonja mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mliooana. Kila tarehe ishirini na tatu, mlango wa nyuma wa kapeli, na kopo la bluu mkononi. Miaka ishirini na sita. Aliniambia ni ya kukandia mkate." Macho yake yalimeta. "Lita tano! Nilimwambia, Margit, mkate huo unaulisha kikosi gani cha jeshi? Akacheka. Akasema, 'Mama Elna, Birger wangu ni mtu mzuri, ila kitu kutoka kwa watu wa kapeli hawezi kukipokea kwa mkono wake. Basi nakipokea mimi.'"

"Na wewe ulijua inakwenda kwenye pombe?"

"Nilitoa togwa. Ilikokwenda ni kati yake na Mungu, na wote wawili sasa wanaongea vizuri."

Gunnel alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa aproni, mbuzi akamfunika uso.

Birger aliinuka. Walisikia hatua zake zikishuka chumba cha ardhini, kitu kikianguka, laana moja fupi, hatua zikipanda. Alirudi ameshika kopo la bluu la enameli, limebanduka ukingoni. Aliliweka juu ya meza, kwa uangalifu, katikati ya samaki na haradali.

"Miaka mitatu naliona kwenye rafu," alisema. "Nikilinusa linanuka kimea. Nikafikiri, alikuwa akikandia mkate. Hata mimi alinidanganya kwa huo mkate!" Na alicheka, kicheko kikavu kilichokatika katikati na kugeuka kitu kingine, na Ylva akaweka mkono wake juu ya ule mkono mkubwa wa kukata misonobari, akauacha hapo mpaka kilipopita.

Kwenye saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili. Kila mwaka wakati huo Gunnel angekuwa ameshakimbilia televisheni kuangalia katuni za Krismasi. Hakujisogeza.

"Sheria," Birger alisema akivuta pumzi, "inasema cha kwanza ni cha aliyechanganya. Leo amechanganya binti yangu. Na aliyelaza jagi ni yule pale." Aliwatazama wote wawili. "Babu yangu hakuwahi kusema lolote kuhusu wawili."

"Kwa hiyo unaweza kuongeza kikombe," Ylva alisema.

"Usinifundishe sheria yangu, mwalimu."

Alimjazia Ylva mumma, kikombe cha bati, kile cha ukoo, akikiondoa mbele ya kiti kitupu na kuyamwaga kwanza yaliyomo. Kisha alichukua kikombe kingine, akainama kwenye kipipa, akafungua bomba kwa mkono wake mwenyewe. Togwa tupu. Akakijaza hadi ukingoni, akaizunguka meza yote kwa miguu yake, akamkabidhi Sixten.

"Chako," alisema. "Mwakani usije na kipipa kidogo namna hii. Sisi ni watu wa kunywa."

"Nitakuja na kikubwa, Mzee."

"Mzee ni wa barabarani. Niite Baba, au nyamaza."

Sixten alifungua mdomo. Masikio yake yalikuwa mekundu tena, na hapakuwa na baridi.

"Baba," alisema.

Birger aliinua kikombe chake. Alimtazama Sixten machoni, sawasawa, nyusi zimenyanyuka, hakuna saa wala bega katikati yao. Akanywa. Sixten akanywa. Birger akashusha kikombe, na akamtazama tena.

Ylva alimaliza chake bila kukipumzisha. Ilikuwa tamu, ilikuwa na moshi, ilikuwa na mama yake ndani yake. Akakiweka kikombe chini, akasukuma sahani ya viazi pembeni, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, vidole vimefunguka, mbele ya baba yake aliyekuwa akitazama.

"Haya, Sixten," alisema. "Itoe hiyo bahasha."